Sura za Mlingoti

Siku ya tatu tangu tumzike Agata pale Rudewa, wajukuu zake waliwasha televisheni ndani ya nyumba ya msiba. Masufuria ya wali yalikuwa hayajasuguliwa, wanawake tumekaa chini kwenye mikeka, picha ya marehemu imeegemezwa juu ya kabati, na hapo chini ya kidevu chake lile dude linawaka rangi. Walisema wanatafuta taarifa ya habari. Badala ya habari likatoka kundi la vijana wa Dar es Salaam wamevaa nguo nyeusi za kubana mpaka aibu, na nyuso wamezifunika kwa vinyago. Hawasemi neno. Wanatembea kama watu waliokwama kwenye tope, wanakula chakula kisichokuwepo. Mmoja akatapika utepe mwekundu mrefu, mwenzake akauokota utepe ule akautia mdomoni. Mtangazaji akasema huo ni mchezo wa kuigiza wa majaribio. Majaribio ya nini hakusema. Shani, mjukuu wangu aliyenisindikiza kutoka Mikumi, akanigusa bega. "Bibi, tazama, hiyo ni sanaa. Wanaigiza bila maneno." Nikamwambia mtu akitapika mbele za watu apelekwe hospitali, hapigiwi makofi. Wakacheka wote, na mimi nikageuza uso ukutani. Lakini masikio hayana mgongo, na macho nayo yalirudi yenyewe. Nikaona kwamba vile vinyago vilikuwa na midomo, mipana, imepakwa rangi nyekundu. Hapo ndipo kichefuchefu kilinipanda kweli, wala hakikuwa cha ule utepe. Vinyago vyetu sisi, tulivyoviita sura, havikuwa na midomo.

Sitaeleza nilizaliwa wapi wala na nani, hayo hayamsaidii mtu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kama kumi na minne, Mwingereza bado anatawala, na mimi na Agata tunaanika singa, yaani nyuzi za mkonge, kwenye shamba la upande wa Kimamba. Kila asubuhi tulibeba nyuzi mbichi kutoka kiwandani, nzito kama nguo zilizoloa, tukazitandaza kwenye nyaya zilizokwenda mpaka macho yanachoka. Watu husifu weupe wa singa zikiwa juani. Wanaosifu hawakuishi nyuma ya korona. Korona ni ile mashine inayosaga majani ya mkonge ikabakiza nyuzi, na maji yake ya kijani yalipita kwenye mtaro nyuma ya nyumba zetu za kambi, yakachacha, yakafura mapovu, yakazaa funza. Harufu yake ilikuwa kama ya mdomo wa mtu aliyeamka na njaa. Iliingia kwenye unga, kwenye blanketi, kwenye nywele. Maji yale yakikugusa yanawasha mpaka unajikuna damu. Unga wa posho ulikuja na fukusi wake, maharage yalikuja yametobolewa, na dagaa nao mimi niliwatoa vichwa kwanza kwa sababu walikuwa wananitazama.

Nililala kwa Agata. Yeye aliishi na kaka yake, Bosko, mtu wa Songea aliyekuja kwa mkataba kama manamba wengine, kisha akamleta mdogo wake. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa gunia lililotundikwa kwenye kamba, upande huu sisi wasichana na upande ule Bosko na wageni wake. Bosko alifanya kazi ya kulisha korona. Mashine ilikuwa imeshamla vidole viwili vya mkono wa kushoto, na yeye husema, "Imeonja tu, haijanipenda." Alikuwa mwembamba na mpole, mwenye kucheka bila kutoa sauti, mabega tu yanatikisika. Nilimpenda kama kaka. Tena nisidanganye watu katika umri huu, nilimpenda kidogo zaidi ya kaka, naye hakujua, na hata angejua angeniambia nikaoshe vyombo.

Zamani watu waliimba wakikata mkonge. Waliimba juu ya meneja, mzungu mwenye kifua kibovu tuliyemwita Bwana Kikohozi, na juu ya nyapara mkuu tuliyemwita Chapuchapu, kwa sababu hakuwa na neno lingine. Chapuchapu akayabeba maneno ya nyimbo akayapeleka ofisini kama mbwa anayepeleka mfupa. Amri ikatoka kwamba atakayeimba hapati posho ya wiki. Jumamosi moja alasiri, mimi na Agata tunachambua fukusi, tuliwasikia wanaume upande wa pili wa gunia.

"Basi tusiimbe," Bosko alisema. "Tucheze bila kusema kitu. Tuone atakata posho ya nani."

"Atakujua kwa uso," mmoja akamjibu.

"Basi nisiwe na uso."

"Na mkono wako wa vidole vitatu utauficha wapi, mzee?"

"Nitauvalisha soksi. Wewe utakuwa unatazama mguu wangu."

Wakacheka, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao, Jumamosi kuchonga na Jumapili kucheza. Mkonge ukizeeka hutoa mlingoti mrefu wa maua, na mlingoti ukikauka huwa mwepesi kama mkate. Walichonga sura humo, wakazipaka jivu na udongo mwekundu. Ile ya Bwana Kikohozi waliichongea pua ya kupasua upepo, wakaibandika nywele za taka za singa, nyeupe, zinasimama. Mchongaji alipotaka kutoboa mdomo Bosko alimshika mkono. "Mdomo wa nini? Sisi hatujasema kitu." Kwa hiyo hakuna sura iliyokuwa na mdomo. Tulikuwa kabila nyingi pale kambini, mwenye Kiswahili cha kuomba chumvi tu na asiye nacho kabisa, lakini mchezo usio na maneno uliwafikia wote.

Na walikuwa na sheria, ilitoka kwa wenzao wa kusini wanaojua mambo ya kuvaa sura. Aliyevaa sura hana jina. Unamjua, lakini humtaji. Ukikutana naye unampa shikamoo, hata akiwa mdogo wako, naye hajibu. Akitajwa jina angali amevaa, lazima avue hapo hapo, na sura ile asiivae tena maisha yake. Agata aliishika sheria hiyo kuliko wanaume. Jumapili jioni Bosko akirudi nyumbani, jasho la mchezo bado liko shingoni, Agata humwekea ugali akamwambia, "Kaka, leo hukuwepo. Umekosa mchezo mzuri." Naye hujibu, "Nilipitiwa na usingizi. Ulikuwaje?" Agata akamsimulia mwanzo mpaka mwisho, jinsi mzungu wa nywele za singa alivyokohoa, na Bosko anakula, mabega yanatikisika. Nimekula vyakula vingi tangu wakati huo. Ugali ule wenye harufu ya mtaro ndio ninaoukumbuka.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mfanyakazi analeta bunda la mkonge. Mwenye nywele nyeupe analikagua, anakohoa, anapiga bunda teke, na mwenye sura ya Chapuchapu naye analipiga teke, ila analipiga akiwa amepiga magoti. Mfanyakazi analeta lingine, teke. La tatu, teke. Mwisho hana mkonge uliobaki, anajifunga mwenyewe kama bunda, anajilaza kwenye korona. Korona ilikuwa ni watu wawili wanaozungusha mikono. Anaingia mtu, anatoka singa. Hapo ndipo tuliingia mimi na Agata, bila sura kwa kuwa wanawake hatukuvaa, tukaziokota zile singa na kuzitundika kwenye kamba kama tulivyofanya kila siku. Watu walianza kwa kucheka na mwisho hawacheki. Nimeona wazee wakiondoka bila kuagana.

Habari zilifika klabu ya wazungu Kilosa. Akaja Mzungu wa Picha, kijana mwekundu kama nyama, na kamera ya miguu mitatu. Alikuwa na mkalimani wake, mtu mzima wa mjini, nywele zimepakwa mafuta mpaka nzi anateleza. Mkalimani akatueleza kwamba picha zetu zitakwenda Ulaya, zitaonekana kwenye televisheni. Tukauliza ndiyo nini. "Ni sanduku lenye kioo," akasema. "Watu wako sebuleni wanakula, na nyinyi mnacheza mle ndani." Agata akauliza, "Na sisi mle ndani tutakula nini?" Mkalimani akamtazama kama mtu aliyekanyaga kitu.

Wenzake walimwambia Bosko akatae. Niliwasikia nyuma ya gunia. "Meneja atakuwepo," walisema. "Hapa kambini tunacheza akiwa klabu. Siku ya picha atakuwa amekaa mbele yako." Bosko akasema, "Kamba wanazofungia mizigo yao huko zinatoka kwenye mikono hii. Waone mara moja. Wakiona, mmoja wao ataona haya." Nilipomsikia nilijaa fahari kifuani. Sasa nikikumbuka maneno yale nataka kutema mate, si kwa ajili ya Bosko, ni kwa ajili ya wale aliowadhania watu wa kuona haya.

Mzungu wa Picha hakutaka kutupiga picha kiwandani. Alisema nyaya zinaharibu, korona inaharibu, kambi inaharibu. Alitaka pori. Wakatupakia kwenye lori la mkonge alfajiri, wachezaji sita na sisi wasichana wawili wa kuanika na kupika, tukapita Kilosa, tukashuka mpaka Mikumi, kwenye mbuga, wakati ule hakuna geti wala hoteli, ni nyasi na wanyama tu. Bwana Kikohozi alikuja kwa gari lake na bunduki, na Chapuchapu amekaa nyuma ameshika mwavuli. Tulipofika, jambo la kwanza Mzungu wa Picha aliwaambia wanaume wavue fulana na kaptula, wavae majani. Wanaume walitazamana. Mmoja akasema, "Mwambie kwetu tunavaa nguo." Mkalimani hakutafsiri. Akasema yeye mwenyewe, "Vaeni tu, mnachelewesha jua." Wakavaa majani juu ya kaptula, na Mzungu akaja kuwapandisha kaptula kwa mikono yake ili zisionekane, anawashika mapaja kama mtu anayekagua mbuzi. Nilitazama chini. Bwana Kikohozi alikuwa ameshaua nyumbu, na utumbo wake umemwagwa pembeni, inzi wanavuma, na sisi wawili tumeambiwa tuchemshe nyama ile hapo hapo. Maji yalikuwa na povu la kijivu. Kwa miaka mingi sikula nyama yenye mafuta kwa sababu ya povu lile.

Wakacheza mara tatu, maana kamera ilitaka mara tatu. Mara ya kwanza Bwana Kikohozi alicheka mpaka akashika tumbo. Alidhani ni mzimu wa porini, ibada fulani ya washenzi. Alimwambia mwenzake jambo na wote wakacheka. Mara ya pili, mwenye nywele nyeupe alipokohoa, Bwana Kikohozi naye alikuwa anakohoa, na vikohozi viwili vikakutana hewani. Nilimwona Chapuchapu akigeuka kumtazama bwana wake, kisha akaitazama ile sura iliyopiga magoti ikipiga teke, na mdomo wake ukabaki wazi. Mara ya tatu hakuna aliyecheka isipokuwa Mzungu wa Picha. Yeye alifurahi, akapiga makofi, akasema sasa wavue sura ili watu wa Ulaya waone nyuso.

Hawakuvua. Walisimama kwenye nyasi kama milingoti, wote sita. Mkalimani akaeleza kwamba kwenye televisheni kila mchezaji hutajwa jina, ndiyo heshima yake, na yeye ana daftari la kuandika. Hawakutikisika. Bwana Kikohozi akainuka kwenye sanduku alilokalia, akauliza kwa Kiswahili chake cha jikoni, "Hii ya nywele jina nani?" Akamuuliza Chapuchapu. Chapuchapu alijua, kila mtu alijua, lakini naye alikuwa amekulia kambini na mke wake alikuwa wa kusini. Akasema, "Sijui, Bwana. Amefunikwa." Mimi mpaka leo namchukia Chapuchapu kwa mambo mengi, na neno hilo moja linanikera kuliko yote, kwa sababu alikuwa bora kuliko mimi.

Agata alikuwa amekwenda mtoni kuchota maji. Mkalimani akaja pale kwenye moto, akachuchumaa karibu nami, akatoa kopo la maziwa mazito ya sukari, akalitoboa kwa kisu. "Onja, dada." Nikaonja. Nikaramba mpaka pembe ya kopo ikanikata ulimi kidogo. Akasema kwa upole, "Yule mwenye nywele anajua kucheza. Sijaona kama yeye hata Dar es Salaam. Inaniuma. Wenzake mnamficha. Kule Ulaya watasema ni mzimu, mtu hayumo. Jina lake likisomwa, watajua ni mtu." Nikamfikiria Bosko ndani ya lile sanduku, watu wanakula na hawajui ni mtu. Nikawafikiria wale wa kuona haya. Watamwonea haya nani, kama hana jina? Na maziwa yale yalikuwa matamu. Lazima niseme yote mawili, maana miaka mingi nilijisimulia lile la kwanza tu. Nikasema, "Ni Kaka Bosko. Bosko wa korona."

Nilidhani ataandika. Alisimama, akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti mbugani kama mtu anayetangaza mshindi wa mbio: "Bosko! Ni Bosko wa korona!" Ndege wakaruka. Ile sura yenye nywele nyeupe ikageuka taratibu upande wetu. Haikuwa na mdomo na macho yake ni matundu, sikuweza kujua aliye nyuma yake anamtazama mkalimani au ananitazama mimi. Kisha Bosko akapeleka mikono nyuma ya kichwa, ule wenye soksi na usio nayo, akafungua kamba, akavua. Hakulazimishwa na mzungu. Ilikuwa sheria yao. Uso wake ulikuwa umelowa, mbao imemwachia alama kwenye paji. Kamera ilikuwa inazunguka muda wote, naisikia hata sasa, trrr, kama mdudu kwenye unga. Bwana Kikohozi akamsogelea akamtazama kwa karibu. Hakupiga wala hakutukana. Alinyosha mkono akaichukua ile sura, akaitazama, akaitazama pua, akajishika pua yake. Na Agata akatokea kwenye nyasi, ndoo kichwani, akamkuta kaka yake uso mtupu katikati ya watu. Hakupiga kelele. Alitua ndoo, akasema, "Nani amemtaja?"

Mkalimani alikuwa anapanga vyombo vyake. Mimi nilikuwa nimeshalitupa kopo kwenye majivu.

Kesho yake kabla ya kengele ya kazi Bosko alinyang'anywa kipande chake, ile kadi ya kazi ambayo bila hiyo hakuna shamba litakalokupokea wala treni ya kurudi kwenu kwa mkataba. Chapuchapu alisimama mlangoni akihesabu blanketi ili asiondoke na la kampuni. Bosko alifunga nguo zake kwenye kipande cha gunia. Gunia lenyewe lilikuwa ni lile la katikati ya chumba, alilikata nusu, na sisi tukabaki tunaonekana mpaka magotini. Akamwambia Agata atamwita akipata pa kukaa. Kwangu akasema, "Mwaju, mwangalie mwenzako." Basi. Akashika njia ya kusini. Mwezi wa pili tangu aondoke mtu alisema amemwona Kidodi analima shamba la mtu kwa chakula. Baada ya hapo hatukusikia tena, si kaburi, si mtoto, si barua.

Wenzake hawakucheza tena. Mwisho wa mwaka ule nilitumwa nyumbani kwa meneja kupeleka singa za kujazia godoro. Boi wa nyumba alinipitisha sebuleni. Ile sura ilikuwa imetundikwa juu ya kabati la vinywaji. Walikuwa wameitoboa mdomo. Walitumia kisu kisicho na makali, mbao imechanika pembeni, na kwenye tundu wamechomeka sigara. Boi aliona ninavyotazama, akacheka kidogo, akasema wageni wakija humwashia ile sigara wakampa pole ya kikohozi. Nilitapika kwenye maua ya mzungu, mbele ya mlango wake, na sikuomba radhi.

Kama tulionekana kwenye televisheni ya Ulaya mimi sijui. Huenda mpaka leo mahali fulani watu wanakula na Bosko anavua. Agata aliolewa Rudewa, mimi Mikumi, tukatembeleana maisha yote, kuzaa, kuzika, kuvuna. Hatukuuzungumza mwaka ule ila mara moja, watoto wetu wameshakuwa wakubwa. Nilikuwa kwake, tunakula ugali na mlenda. Akasema ghafla, bila kuniangalia, "Aliyemtaja ningemjua, ningempikia ugali, nikamkalisha hapa, nikamtazama anavyokula."

"Hivyo tu?" nikauliza.

"Hivyo tu. Nione kama utapita."

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nikalila. Likapita. Naye akanisogezea bakuli la mlenda, akasema, "Ongeza." Nimeligeuza neno hilo miaka zaidi ya thelathini, na sasa wa kumuuliza yuko chini ya udongo.

Basi pale msibani mchezo wa vijana ukaisha. Mtangazaji akawaambia, "Sasa vueni vinyago, mjitambulishe kwa watazamaji." Wakavua! Haraka, kila mmoja anagombea kuwa wa kwanza, nywele zimesimama, meno nje. Mmoja akataja jina lake mara mbili. Mmoja akamsalimia mama yake. Shani akapiga makofi. Mimi niliinuka kwa goti langu bovu, nikachomoa waya ukutani.

"Ah, Bibi!" wakalalamika.

Gasto, mtoto wa kwanza wa Agata, mtu mzima mwenye mvi, akaja kutoka uani. "Mama Mwaju, kuna nini?"

"Kaa. Mwite na dada yako." Skola akaja, mikono ina sabuni ya vyombo. Nikawaambia nikiwa nimesimama, maana jambo kama lile halisemwi umekaa. "Mjomba wenu alitajwa na mimi. Kule Mikumi. Kwa kopo la maziwa. Mama yenu amekufa sijamwambia, nakuambieni nyinyi."

Walitazamana. Skola akafuta mikono kwenye kanga. "Mjomba yupi, Mama Mwaju?"

"Kaka yake mama yenu."

"Mama hakuwa na kaka," Gasto alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Alituambia alikuja huku peke yake. Shani, mpe bibi maji."

Nikaelewa. Miaka yote ile Agata hakumtaja. Sheria ya watu sita waliokwisha kutawanyika, yeye aliendelea kuishika peke yake, jikoni kwake, mbele ya watoto aliowazaa. Na mimi, niliyekuja na ungamo langu kama mtu anayeleta zawadi, nilikuwa nimesimama tena palepale, na jina lile lile mdomoni. Nikilimeza limekwisha duniani, hakuna mwingine anayelijua. Nikilisema nimemtaja mara ya pili. Nilijichukia jinsi mtu anavyochukia nzi kwenye maziwa. Nikakataa maji.

"Bosko," nikasema. "Alikuwa anaitwa Bosko. Wa korona."

Nikawasimulia yote, kuanzia mtaro mpaka mbugani, wala sikuliruka kopo. Wajukuu waliacha simu zao. Skola alilia kidogo. Gasto, mabega yameinama, akaniuliza neno ambalo sikulitegemea.

"Alifananaje?"

Nikafumba macho nimtafute. Iliyokuja ni ile sura ya sebuleni kwa meneja, nywele za singa, mdomo wa kisu, sigara. Nikaisukuma, ikarudi.

"Alifananaje, Mama Mwaju?"

"Subiri," nikamwambia. "Subiri nimvue."